Ofisa wa Kirusi na Posa ya Buffalo

Kitabu chenyewe sijakisoma na sitakisoma. Niseme hivyo mapema, mtu asije akalalamika kwamba nimemdanganya. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini kitabu kile kinene cha Warusi nakichukia kama mtu anavyomchukia jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwake. Kilinianza kambini, kule Kigoma, kikanifuata mpaka Newburg hapa Louisville, Amerika, na mwaka juzi kikapanda nami gari hadi Buffalo, kikaingia kwenye posa ya mjukuu wangu kama vile nacho kimealikwa.

Aliyekileta kambini ni mwalimu mmoja, Mrundi mwenzangu. Zamani alisomeshwa Urusi, enzi zile Warusi wakichukua vijana wetu kwa ndege na kuwarudisha na makoti marefu. Tulipokimbia nchi, koti lake lilipotea njiani. Kitabu hakikupotea. Mimi nilivuka mpaka na sufuria na watoto, yeye alivuka na kitabu, halafu baadaye akija kuomba sufuria yangu anataka nimwite Mwalimu.

Jua likianza kushuka, watu walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba yake ya tope, naye akawasimulia kile kitabu, kipande kila siku. Alisimulia kwa Kiswahili kwa sababu Wakongo nao walikuwa wanakuja. Ni habari ya mfalme wa Wafaransa aliyeingia Urusi na jeshi lisilohesabika, na familia za mabwana wakubwa wa huko, jinsi walivyopenda, walivyoachana, walivyokufa na walivyokula mali. Nakiri alisimulia vizuri. Akipiga kelele za mizinga, watoto walikuwa wanajificha kwenye sketi za mama zao.

Mimi nilikuwa na maswali. Siku ya kwanza nikauliza, "Mwalimu, jeshi lote hilo, nani aliwapikia?"

Akanitazama juu ya miwani. "Bwana jembe, hapa tunasimulia vita, hatusimulii ugali."

Watu wakacheka. Siku ya pili nikauliza farasi wanakula nini kwenye theluji. Akasema, "Nenda kawaulize, mtaelewana." Wakacheka zaidi. Siku ya tatu hata sijamaliza kufungua mdomo, akafunika kitabu. "Mtu huyu anaua hadithi. Ama aondoke yeye ama niingie ndani nilale." Na wale wote niliochota nao maji, niliowabebea wagonjwa wao, wakanigeukia: ondoka, ondoka. Nikaondoka. Sijawahi kurudi kwenye mkeka ule, na huyo mwalimu sijawahi kumsamehe. Mchungaji wetu hapa Louisville ameshaniombea jambo hilo akachoka.

Mke wangu hakuacha kwenda. Wakati huo kifungua mimba wetu alikuwa amelazwa kwenye hospitali ya kambi, lori la kuni lilimbana nyonga, na kidonda kikaoza. Mama yake alishinda naye, jioni akitoka huko anapitia kwa mwalimu, anasikiliza, ndipo anakuja nyumbani. Hivyo hadithi mimi niliipata kwa mkono wa pili, yeye akisugua sufuria na mimi nikijifanya sitaki kusikia. Kulikuwa na ofisa mmoja, mtoto wa watu wakubwa, kimya, mwenye kiburi. Alipigwa na kombora kwenye vita vikubwa karibu na mji wao mkuu. Mji ukahamwa, majeruhi wakabebwa kwa mikokoteni, na binti aliyekuwa mchumba wake, ambaye alikuwa ameharibu uchumba wenyewe kwa ujinga wa ujana, akamkuta humo humo kwenye mikokoteni, akamuuguza.

Nilikuwa nauliza, "Atapona?"

"Mwalimu hajafika hapo."

Siku moja alirudi, akaweka kanga begani, akasema, "Amepona. Ameamka, ameomba supu." Alisema hivyo kama mtu anayeleta habari ya ndugu. Na mtoto wetu naye akapona, ingawa mpaka leo anavuta mguu. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akiugua, mke wangu alikuwa akisema, mbona yule ofisa alipona. Alisema hivyo Kigoma, akasema hivyo Louisville, akasema hivyo hata kwa figo zake mwenyewe. Sasa amelala kwenye makaburi ya hapa, pembeni ya barabara kubwa, mahali ambapo hapana kivuli.

Nimetoka nje ya njia. Turudi kwenye posa.

Huyo mtoto wa nyonga alipelekwa Buffalo tulipogawanywa na watu wa wakimbizi, mimi na mama yake tukaletwa Louisville, binti yetu Columbus. Mwanawe, mjukuu wangu, akakua, akapata kazi kiwanda cha madirisha, akampenda msichana wa kanisani kwao. Vizuri. Wakanipigia simu niwe mshenga, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki. Nikanunua hadi viatu. Siku mbili baadaye mjukuu akapiga tena, sauti imepungua.

"Babu, msemaji wa upande wao ni baba yake mkubwa. Anasema mnafahamiana toka kambini. Anasema atakuuliza habari za Warusi."

"Alisema hivyo akicheka?"

"Alicheka kidogo, Babu."

Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Duniani kote kuna wasichana, na mjukuu wangu anakwenda kumchagua wa ukoo ule.

Nieleze kidogo, maana vijana wa siku hizi wanadhani posa ni keki. Kwetu, posa ni vita vya kuigiza. Pande mbili zinakaa zikitazamana, wasemaji wawili wanapigana kwa maneno, na mtungi wa pombe ya mtama uko katikati umefunikwa. Sisi wapentekoste tunatia juisi ya nanasi, lakini mtungi ni mtungi. Wenye binti wanakutukana kwa heshima, wanakuuliza maswali ya kukutega, nawe unajibu kwa madaha. Lakini mshenga amekuja kuomba. Mwishoni lazima aanguke, na ustadi wake wote ni kujua aangukie wapi. Akianguka vizuri, mtungi unafunuliwa, mirija inatiwa, wasemaji wawili wanakunywa kwanza, binti ametolewa. Akishinda, mtungi haufunuliwi. Hakuna anayetoa binti kwa watu waliomwaibisha nyumbani kwake. Haya yote nayajua toka utotoni. Nayasema ili mjue sikuwa mjinga.

Nilipanda basi hadi Columbus, na kutoka huko mkwe wangu akatuendesha. Mkwe wangu ni mtu mpole anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, maneno yake kwa siku yanaingia kwenye kijiko cha chai. Mke wake alikuwa na shifti, hakuja. Nyuma alikaa binti yao, anayesoma chuo, na kumbe kitabu kile kile wamemfundisha huko. Nikaona hii ni silaha Mungu ameniletea. Nikamwambia, "Haya, mjukuu wangu, nipe Warusi wote. Kwa Kiswahili."

Akanipa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na kila alichosema kilinikasirisha.

Kwanza, mwandishi hakuwapo. Hakuwa hata amezaliwa. Aliandika kama miaka hamsini baada ya vita kwisha. Nikasema, basi huyo ni mwongo kama mwalimu. Akasema hapana, Babu, yeye mwenyewe alikuwa mwanajeshi kwenye vita vingine, na alikwenda kutembea kwenye uwanja ule wa vita ili auone kwa macho, akasoma barua na vitabu vya watu waliokuwapo. Mimi nikasema kutembea uwanjani baada ya miaka hamsini ni kutembea kwenye majani.

Pili, mke wake ndiye aliyenakili kwa mkono, mara nyingi, kwa sababu bwana alikuwa anaandika ovyo na kufuta kila siku, na huku mama wa watu ana watoto wachanga. Hapo nikamwambia mkwe wangu asimame nikajisaidie, nilikuwa nimechukia mno.

Tatu, hao mabwana wa Kirusi walikuwa wakizungumza Kifaransa mezani, hata wakati Wafaransa wanakuja kuwaua. Kitabu chenyewe kinaanza kwa Kifaransa. Hilo ndilo jambo pekee nililoliona la kweli. Nawajua Wakongo wawili hapa Newburg, wakigombana kwa Kiswahili wanatukanana, wakitaka kujionyesha wanahamia kwenye donc na bon za Kifaransa.

"Na watu wako wangapi humo ndani?" nikauliza.

"Mamia, Babu. Na kila mmoja ana majina matatu."

"Mhariri alikuwa amelala?"

Nne, na hili ndilo lililonichoma. Mwandishi anasimamisha hadithi kila mara ili ahubiri, na mwishoni kabisa, watu wameshaoana na kunenepa, anaweka mahubiri matupu hayana hata mtu mmoja ndani. Anasema wafalme na majenerali hawaendeshi vita. Anasema vita vinakwenda vyenyewe, kwa mambo madogo madogo ya watu wengi, na mkubwa ni kama mtoto aliyeshika kamba ndani ya gari akidhani yeye ndiye dereva. Mimi nimekimbia vita mara mbili. Mara zote mbili kulikuwa na mtu aliyetoa amri, na mtu huyo alikuwa na nyumba nzuri, na alilala. Bwana mkubwa anayekaa shambani kwake akaandika kwamba hakuna wa kulaumiwa, mimi sina heshima naye. Mjukuu alisema, "Sivyo anavyosema hasa, Babu." Nikamwambia anyamaze, aendelee na ofisa.

"Ofisa yupi?"

"Aliyepona."

Akainama mbele kati ya viti. Tulikuwa tumeshapita Cleveland, ziwa liko upande wa kushoto, la kijivu kama sinki.

"Babu, yule hakupona. Alikufa. Yule msichana na dada yake ofisa walikuwa wamekaa naye."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilicheka mpaka mkwe wangu akapunguza mwendo. Miaka yote hiyo! Mwalimu mzima, msomi wa Urusi, mwenye kufukuza watu mkekani, hakujua hadithi yake mwenyewe! Ama hakufika mwisho wa kitabu, akaubuni. Sikulala vizuri usiku ule kwa mwanangu Buffalo, kwa furaha.

Jumamosi mchana tukakaa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa moja huko Kenmore, pembeni ya Buffalo. Nje theluji ilikuwa imeanza, ndani mahita yanalia kama mbuzi. Upande wetu mimi mbele, nyuma yangu mwanangu na mguu wake ameunyoosha, mjukuu na tai imemkaba, mkwe wangu mwishoni karibu na mlango. Upande wao mwalimu. Amezeeka vibaya, mgongo umepinda, lakini miwani ni ile ile au ndugu yake. Mama wa binti ni Mkongo wa Bukavu, ndiyo maana tulizungumza Kiswahili wala si Kirundi. Mtungi katikati, umefunikwa kwa kitambaa cha ushanga.

Mwalimu akaanza kwa taratibu. "Wageni, tunawaona mmejaa. Mmepotea njia ya dukani?"

"Hatukupotea. Tulisikia harufu ya nyumba njema, miguu ikatuleta."

"Miguu ya wapi?"

"Ya Louisville na Columbus."

"Louisville! Huko si wanafuga farasi?" Akageukia watu wake. "Huyu mzee tangu zamani anapenda habari za malisho ya farasi."

Wakacheka. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na changu mfukoni.

Akaendelea, "Bwana mshenga, kabla hatujazungumza nawe tujue kama una akili. Mfalme wa Wafaransa alifika kwenye mji mkuu wa Warusi, akasimama kilimani, akangoja wazee wa mji waje na funguo wamkaribishe. Hakuja mtu. Kwa nini?"

Sasa mwenye kujua posa ataona mara moja: swali lile lilikuwa mto laini wa kuangukia. Jibu lake ni jepesi na tamu. Unasema, hakuja mtu kwa sababu alikuja kwa mizinga, hakuja kwa kuomba, mji ukahamwa ukamwachia moto. Sisi hatukuja hivyo, tumekuja mikono mitupu, msituhame. Unainama kidogo. Wanapiga makofi. Mtungi unafunuliwa. Yule mzee, pamoja na ubaya wake, alikuwa amenitandikia.

Nililiona. Nililiona kabisa, na nikalipita.

Nikasimama. "Mwalimu, hilo tuliache kwa watoto. Nami nina swali. Yule ofisa aliyepigwa kombora, uliyewaambia watu kambini kwamba aliamka akaomba supu. Alipona?"

Mwalimu akavua miwani.

"Mzee, mwenye kuuliza hapa ni mimi."

"Jibu. Watu wengi wapo hapa waliokaa kwenye mkeka wako. Alipona au alikufa?"

Nikasikia mwanangu nyuma yangu akinong'ona, "Baba." Sikugeuka.

"Alikufa," nikasema mimi mwenyewe. "Nimeletewa habari na mtu aliyekisoma. Ulitufukuza tuliouliza maswali, na wewe hadithi yenyewe huijui!"

Kuna waliocheka upande wao, kweli, wawili watatu. Nikaketi. Nilijiona nimekuwa kijana.

Mwalimu alifuta miwani taratibu kwa ncha ya shati. Hakupandisha sauti. "Najua alikufa. Kitabu kile nimekisoma mara nyingi kuliko ulivyosali. Mkekani mwangu alikuwa anakaa mwanamke anayetoka hospitalini kila jioni, mikono yake inanuka dawa. Jioni ya kifo cha ofisa nilifungua mdomo nimuue, nikamwona ameshika kanga yake hivi. Nikampa ofisa supu." Akamnyooshea kidole mwanangu. "Mwenye nyonga si huyo hapo? Yuko hai, na mama yake alipata usingizi. Wewe ulitaka nimwambie nini?"

Mahita yalilia peke yake.

Mama wa binti ndiye aliyejaribu kutuokoa. "Bon, wazee, sasa biko namna gani? Chakula inapoa."

"Chakula kipoe," mwalimu akasema. "Kwa mdomo huu sitoi binti. Kama wanamtaka mtoto wetu, walete mdomo mwingine. La sivyo wale, washibe, warudi kwao."

Mjukuu wangu alikuwa ametazama viatu vyake. Yule msichana tulikuwa tumeshaonyeshwa picha yake tu, yeye yuko chumba cha nyuma na wenzake wamemvisha, anangoja kuitwa. Nikataka kujibu. Nilikuwa nalo jibu, silikumbuki sasa, lakini nilikuwa nalo. Mwanangu akajiinua kwa kushika mgongo wa kiti changu.

"Baba, toka kwenye kiti."

Mbele ya watu. Mtoto niliyembeba mgongoni.

Nikatoka. Mkwe wangu akaitwa kutoka mlangoni, akaja akaketi, mikono magotini, na yule mtu asiyejua kusema akasema, "Mzee, sisi tumekuja kuomba. Hatujui kitu." Mwalimu akamwambia arudie kwa sauti. Akarudia. Sikungoja kusikia mengine. Nilipanda ngazi, nikatoka nje, nikaingia kwenye gari la mkwe wangu, ambalo halifungwi kamwe kwa sababu anasema ndani hamna cha kuibiwa.

Nilikaa humo kioo kikijaa theluji. Msidhani nililainika. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyopata kukasirika kambini. Nani alimtuma amliwaze mke wangu? Kazi ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekaa naye akisugua sufuria, na neno la kumpa sikuwa nalo, na kumbe mtu mwingine alimpa kwenye mkeka bila kumwambia, bila kuniambia mimi, akaondoka nalo hadi Amerika. Angenitukana ningejua la kumjibu. Na hata hilo halikumzuia kuninyima kiti. Ni mtu mbaya. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, ndani ya gari.

Halafu nikasikia vigelegele kutoka chini ya ardhi, vya Kikongo, virefu. Basi. Ametolewa. Nilishukuru Mungu na nikasonya, vyote kwa pumzi moja.

Kioo kikagongwa. Msichana ambaye sijamwona maishani, amefungwa mavazi yetu ya harusi, shanga kichwani, mabega wazi kwenye theluji ya Buffalo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Rudi ndani, utakufa."

"Naambiwa niwasalimie wazee wote wa upande wenu. Nimehesabu, mmoja hayupo."

"Baba yako mkubwa ni mtu mbaya."

"Tunajua, Babu. Tunaishi naye nyumba moja." Alikuwa anarukaruka. "Fungua, nimevaa ndala."

Nikafungua. Akaingia kiti cha mbele na shanga zake zote, akakunja miguu, akaanza kuisugua. "Washa hita basi!"

Sijui kuwasha hita ya gari. Na hata ningejua, ufunguo ulikuwa kwa mkwe wangu, na mkwe wangu alikuwa chini, kwenye kiti changu, anakunywa na yule mzee. Meno ya mtoto yalikuwa yanagongana. Nikamvulia koti, nikamfunika, na ikabidi twende ndani.